Tovuti Inasema na Nani?

Pembeni ya kompyuta ya steshenari moja jirani na stendi ya Bagamoyo imebandikwa karatasi ya A4 kwa solotepu. Ina mistari kama ishirini iliyoandikwa kwa kalamu, wino mbalimbali, maana kila mstari una siku yake. "Hii haitaki ng' yenye alama." "Hapa tarehe inaanza na mwezi." "Usirudi nyuma, inafuta yote." "Picha chini ya KB 100, nyuma bluu." "Ijaribu usiku, mchana inagoma." Majina ya tovuti hayakuandikwa, kijana mwenye duka kaziwekea vifupisho anavyovijua mwenyewe.

Nilikaa kwenye benchi la duka lake asubuhi nzima. Wa tatu kuingia alikuwa mama wa makamo kutoka Mlingotini, mkulima wa mwani. Vidole vyake vimechanika kwa maji ya chumvi na kamba za taitai, na simu yake ya tachi kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ile habari ya mdogo wako. Jana usiku nimejaribu mwenyewe, kikazunguka weee, mpaka bando likaisha."

"Neno la siri unalikumbuka?"

"Si unalo wewe kwenye daftari?"

Kweli analo. Chini ya meza kuna kaunta buku ya kwaya mbili, na ndani yake maneno ya siri ya nusu ya mtaa, namba za vitambulisho, majina ya mama wazazi, majibu ya yale maswali ya usalama. Kijana huyu ni mwaminifu, na watu wanamwamini. Lakini daftari lile ni kipimo cha kazi ya wanaotengeneza tovuti, na kipimo kinasema wameshindwa. Huduma imewekwa mtandaoni ili mwananchi asipange foleni ofisini. Sasa anapanga foleni steshenari, analipa kwa fedha na kwa siri zake.

Mjadala wa tovuti zinazofikika na kila mtu huwekwa kando kama jambo la hisani: kuna watu wa kawaida, halafu kuna wenye ulemavu, na tukipata bajeti tutawakumbuka. Hapo ndipo tunapokosea. Kinachomzuia asiyeona kutumia ukurasa ndicho hichohicho kinachomzuia mama wa Mlingotini, mvuvi aliye juani na mzee aliyesahau miwani nyumbani. Mlango ni mmoja, na umefungwa kwa wote hao.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kati ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea asilimia 11.2 walikuwa na aina fulani ya ulemavu. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kumnyima usingizi mbunifu wa tovuti. Lakini mama wa mwani hayumo ndani yake. Anaona, anasikia, anatembea. Kinachomlemaza ni kitufe kidogo kuliko ncha ya kidole chake, herufi za kijivu juu ya weupe, na ukurasa unaokula bando lote kabla haujafunguka. Wala hayumo mzee wa Kaole anayesema "mimi sijui kusoma" na huku anafungua msahafu kila baada ya alfajiri. Kusoma anajua, ila si kwa herufi hizi. Pwani hii imeandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla Wajerumani hawajafika, na imetoa waandishi: Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye maelezo yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Göttingen mwaka 1903, alikuwa mtu wa huku. Kumwita mzee wa namna hiyo "asiyejua kusoma" na kumwachia ukurasa wa maneno matupu, bila sauti wala mchoro, ni kutomjua unayezungumza naye.

Dunia ina vipimo vya kazi hii, na havina siri. Shirika linalosimamia viwango vya wavuti, W3C, lilitoa miongozo yake ya kwanza ya ufikivu, WCAG, mwezi Mei 1999. Toleo la pili likaja Desemba 2008, likaongezwa mwaka 2018 na tena Oktoba 2023. Kiini chake ni masharti manne: kilichomo kwenye ukurasa kionekane au kisikike, kiweze kutumika, kieleweke, na kifanye kazi kwenye chombo chochote mtu alichonacho. Chini ya hayo ziko kanuni zinazopimika. Moja inataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na kilicho nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Namba hiyo haikuokotwa. Imekadiriwa kwa mtu ambaye uoni wake umeshuka hadi 20/40, hali ya kawaida kwa wenye umri wa miaka 80 hivi.

Sasa ipeleke namba hiyo soko la samaki la Bagamoyo saa saba mchana. Majahazi yamefika, jua limesimama wima, bahari inarudisha mwanga, na kioo cha simu kimepasuka kona moja. Pale kila mtu ana miaka 80. Herufi za kijivu ambazo mbunifu alizipenda akiwa kwenye kiyoyozi hazipo tena, umebaki weupe. Mchuuzi anayetafuta ada ya leseni hajui kama maandishi hayakuwekwa au hayaonekani, anaizima simu na kurudi kwenye samaki wake.

Kosa hili si letu peke yetu. Uchunguzi wa WebAIM wa mwaka 2024, uliopitia kurasa za mbele za tovuti 1,000,000 zinazotembelewa sana duniani, ulikuta makosa yanayogundulika kwa mashine katika asilimia 95.9 ya kurasa hizo, na uhafifu wa rangi za herufi ndio ulioongoza, katika asilimia 81. Nataja hili ili pasiwe na anayedhani kwamba dawa ni kunakili tovuti za wakubwa. Tukizinakili tutanakili na magonjwa yake.

Liko kosa jingine ambalo ni letu kabisa, na ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu kulirekebisha ni kuandika herufi mbili.

Mwalimu mmoja mstaafu, asiyeona, alinisikilizisha simu yake. Anatumia TalkBack, programu inayokuja na simu za Android na kusoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo. Alifungua tangazo la mkutano wa wazazi kwenye tovuti ya taasisi ambayo sitaitaja. Tangazo liliandikwa kwa Kiswahili safi. Simu ikaanza kusoma, na mimi ninayejua Kiswahili tangu kuzaliwa sikuambulia kitu. "Wake" ikawa "weik." "Pale" ikawa "peil." "Same," ile wilaya ya Kilimanjaro, ikawa "seim." Mwalimu akacheka cheko la aliyezoea. "Huyu," akasema, "kaambiwa asome Kiingereza."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika msimbo wa kila ukurasa wa wavuti kuna sehemu moja juu kabisa inayotaja lugha. Wengi wetu hutumia kiolezo kilichotengenezwa ng'ambo, kinachosema "en," tukajaza maneno yetu na kuiacha "en" ilivyo. Mashine haina akili ya kubahatisha. Imeambiwa Kiingereza, inasoma Kiingereza. Andika "sw" na sauti inabadilika papo hapo. Sauti za Kiswahili zipo: eSpeak, ambayo ni ya bure, inayo, na NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kutolewa bure mpaka leo, inaweza kuitumia. Tena lugha yetu imejaliwa kwa kazi hii. Tunaandika kama tunavyotamka, irabu tano hazibadiliki, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinaitesa mashine kwa maneno yanayoandikwa hivi na kusomwa vile. Kiswahili kinaipa njia iliyonyooka. Ni lugha chache zinazoweza kumhudumia asiyeona kwa gharama ndogo hivyo, na bado tunamsomea mwalimu wetu "weik" na "peil."

Kuna habari njema hapa. Tangu mwaka 2017 tovuti za halmashauri zetu zimejengwa kwa muundo unaofanana, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mwongozo wake wa tovuti za serikali. Wako wanaolalamika kwamba zinachosha macho kwa kufanana. Mimi naona faida kubwa. Kinu kikiwa kimoja, ukikirekebisha mara moja umewatwangia wote: Bagamoyo, Chalinze, Pangani, Mkinga. Lugha iliyotajwa sawasawa, vichwa vya habari vilivyopangwa kwa ngazi, maelezo ya picha yanayolazimishwa kabla picha haijapanda, hayo yakiwekwa kwenye kinu, ofisa habari wa wilaya hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili kazi yake imfikie mwalimu mstaafu.

Ila kuna jambo kisilolishika kinu, nalo ni muhuri. Sisi ni watu wa muhuri. Tangazo la kazi, orodha ya waliochaguliwa, mwaliko wa mnada, vyote huandikwa kwenye kompyuta, vikachapwa, vikasainiwa, vikagongwa muhuri, kisha karatasi ikapigwa skani na kupandishwa mtandaoni. Yaani maandishi yaliyokuwa hai yameuawa yakawa picha, kisha picha ndiyo ikapewa jina la taarifa. Programu ya kusoma skrini ikifika hapo inanyamaza. Utafutaji hauoni jina la mtoto wako. Mwenye simu ndogo anavuta kwa vidole viwili, kushoto, kulia, anapoteza mstari. Ukurasa wa maandishi usiozidi KB 20 umekuwa faili la MB 4 zilizotoka kwenye bando la mtu.

Sidharau sababu yake. Muhuri ni dhamana, na mji wenye matapeli wa mtandao una haki ya kuudai. Lakini dhamana haizuii maandishi. Weka tangazo lenyewe kama maandishi kwenye ukurasa, na chini yake kiungo cha nakala iliyogongwa muhuri kwa anayeitaka. Baraza la Mitihani limekuwa likitoa matokeo kwa kurasa nyepesi za majedwali, hazina urembo wowote, na siku ya matokeo ndizo zinazofunguka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Hakuna mzazi niliyewahi kumsikia akidai ziwe na picha zinazoteleza.

Tuje kwenye maneno, maana tovuti inaweza kutimiza kila kipimo cha mashine na bado isieleweke. Tafsiri ya programu kwa Kiswahili si jambo la jana. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa lugha yetu. Tangu hapo tumepata istilahi nyingi, nyingine zimekaa vizuri mpaka tumesahau kwamba zilitungwa: tovuti, kiungo, baruapepe, nywila. Naitaja nywila makusudi. Ni neno zuri. Lakini mama wa Mlingotini hakulitumia, wala kijana wa steshenari. Wamesema "neno la siri." Fomu iandike "neno la siri." Vivyo hivyo "tuma" inamfikia mtu haraka kuliko "wasilisha," na "umesahau neno la siri?" ni bora kuliko "weka upya nywila yako." Istilahi ina mahali pake, kwenye vitabu na darasani, kitufe ni mahali pa neno ambalo mtu angelitumia kumwelekeza jirani.

Majina nayo. Fomu nyingi zimezaliwa kwenye nchi ambako mtu ana jina lake na jina la familia, basi. Pwani mtu ana lake, la baba na la babu, na mwanamke haachi jina la baba yake kwa kuolewa. Ukimwuliza binti wa Kaole "jina la familia" anasita, kwa haki. Anaweka la baba leo, la babu kesho, na mfumo wa tatu unamwambia taarifa hazilingani. Kisha ile alama ya ng'. Herufi hiyo ni ya lugha ya taifa, imo kwenye ng'ombe, imo kwenye majina ya maelfu ya Watanzania, na bado kuna fomu zilizotengenezwa hapahapa zinazoikataa kwa wino mwekundu: "jina lako lina alama isiyoruhusiwa." Mtu anaambiwa jina lake ni kosa. Analiandika bila alama, na tangu siku hiyo cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chake ni vya watu wawili.

Na saa. Hili sijaliona likijadiliwa, ingawa linagharimu watu. Tangazo la Kiingereza limesema mwisho ni 11:59 PM. Aliyetafsiri kaandika "saa 11:59 usiku." Msomaji wa Kiswahili anajua saa sita ndiyo usiku wa manane, na saa kumi na moja ni alfajiri, adhana inakaribia. Kwake tangazo linasema anao muda mpaka kunakucha. Anaamka saa tisa kutafuta mtandao ulio mwepesi, anakuta mlango ulifungwa tangu saa sita kasoro dakika moja. Hakuna kifaa cha kupima ufikivu kitakachokamata kosa hilo, kwa sababu hakuna kinachojua kwamba saa zetu za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Iandikwe "saa 5:59 usiku, dakika moja kabla ya saa sita," na wote wataelewa.

Ugeni wa namna hii umo hata kwenye malango. Mfumo unataka kuhakikisha wewe ni binadamu, unakuonyesha picha tisa uchague zenye bomba la zimamoto la pembeni ya barabara, lile la Marekani, au basi la shule la huko. Mtu aliyeishi maisha yake yote kati ya Mbegani na Zinga ameliona wapi bomba hilo? Asiyeona hawezi kabisa. Miongozo ya mwaka 2023 imeligusa suala hili: kuingia kwenye akaunti kusitegemee mtu kukariri au kutatua fumbo bila kupewa njia nyingine, na aruhusiwe kunakili neno la siri na kulibandika. Bado mifumo mingi inazuia kubandika, eti kwa usalama, na matokeo yake ni kaunta buku chini ya meza.

Kwa viziwi nitasema kwa ufupi, si kwa sababu jambo lao ni dogo. Ofisi nyingi huweka namba ya simu kama njia pekee ya kuuliza, na hiyo kwa kiziwi ni sawa na kutoweka chochote. Video za viongozi hazina maandishi chini. Na aliyekua kwa Lugha ya Alama ya Tanzania anasoma Kiswahili kama lugha ya pili, hivyo sentensi ndefu ya kiofisi yenye vishazi vinne inamchosha kama inavyomchosha mtu yeyote, ila yeye zaidi. Namba ya kutumia ujumbe na sentensi fupi zingeondoa nusu ya tatizo bila mkalimani.

Kabla ya tovuti, pwani hii ilijifunza kutumia menyu za simu. Namba *152*00# inafungua huduma za serikali hata kwenye kitochi, bila bando, na miamala ya fedha kwa simu imezoeza watu kuchagua 1, 4, 2 tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Hapa kuna somo kwa wabunifu. Ujumbe wa menyu hiyo hauzidi herufi 182, kwa hiyo aliyeuandika alilazimika kuamua lipi ni la lazima. Hakuna picha, hakuna tangazo linaloruka mbele. Wasioona wengi wanaitumia kwa kukariri mpangilio, kidole kikianza kwenye kale kanundu ka tarakimu 5. Siku mtoa huduma anapopanga upya orodha bila kutangaza, wote hao wanapotea, na aliyepanga hajui kwamba alihamisha ngazi usiku watu wakiwa ghorofani. Kisha menyu hukatika yenyewe ukichelewa kujibu. Menyu ya simu si dawa ya kila kitu. Lakini Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, tulikumbushwa kwamba ukurasa mwepesi na njia ya pili isiyotegemea intaneti ni sehemu ya ubunifu wenyewe.

Wageni watalii wana tovuti zao, na kwa kweli ndio wanaoangaliwa zaidi: picha za ufukwe, Kiingereza, labda Kijerumani. Nitauliza moja tu. Mgeni anayetumia kiti cha magurudumu anataka kujua kama magofu ya Kaole yana njia ngumu au mchanga, kama Ngome Kongwe ina ngazi ngapi, kama ukumbi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, una mlango usio na kizingiti siku za tamasha. Maelezo hayo hayahitaji msimbo wowote, yanahitaji mtu atembee na futikamba na kuandika alichokiona. Hata wenyeji wangeyasoma.

Sheria tunazo kiasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara yake ya 9 inaitaja intaneti. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, mwaka 2016 Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, mwaka 2019 Sheria ya Serikali Mtandao. Kinachokosekana ni makali. Mwaka 2022 Kenya ilipitisha kiwango cha taifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952, na sasa mtu anaweza kuuliza Nairobi, "mmekidhi au hamjakidhi?" Swali hilo lina nguvu. Mwaka 1999 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliwashtaki waandaaji wa Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yao haikusomeka, na mwaka 2000 akashinda na kulipwa dola 20,000 za Australia. Fedha zenyewe si nyingi, lakini uamuzi ule ulionyesha kwamba tovuti nayo ni mlango wa jengo.

Nawaonya ndugu zetu wa ofisi za TEHAMA juu ya njia ya mkato inayouzwa sasa: kitufe chenye alama ya mtu au kiti cha magurudumu, kinachobandikwa kwenye kona ya ukurasa na kuahidi kuutibu wote. Hakitibu. Picha ya karatasi inabaki picha, na asiyeona tayari ana programu yake. Januari 2025 tume inayolinda walaji Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa kutia chumvi uwezo wa kifaa cha aina hiyo. Fedha za kukinunua zingetosha kuwalipa nauli na posho watu watano waje waijaribu tovuti. Watano si wachache. Jakob Nielsen, bingwa wa kupima tovuti, alieleza tangu mwaka 2000 kwamba hao hufichua sehemu kubwa ya makosa. Bagamoyo watano hao wanajulikana: mwalimu asiyeona, mkulima wa mwani, mvuvi aliye juani, msichana kiziwi, mzee wa msahafu. Wape simu yao wenyewe, si ya ofisi. Wape bando la kawaida. Kisha kaa nyuma, nyamaza, usiwasaidie.

Mbunifu asiye na muda hata wa hayo aende steshenari. Asubuhi ile mama wa Mlingotini alifika ukurasa wa mwisho. Kila kitu kilikuwa kimejazwa. Mfumo ukatuma msimbo kwenye simu, na laini iliyosajiliwa ilikuwa kwa mwanawe, Tanga. Mama akampigia. Mtoto hakusikia mara ya kwanza. Alipopokea na kuanza kuzitaja tarakimu, kijana akiziandika moja moja, ukurasa ulikuwa umeshasema muda umekwisha, na fomu ikarudi tupu.

"Tuanze tena, mama?"

Mama akatazama nje, kama vile bahari inaonekana kutoka stendi. Ilikuwa bamvua; maji yanakupwa, na mwani haungoji. "Nitarudi kesho kutwa, mwanangu, maji yakijaa." Akafunga simu kwenye pindo la khanga, akaondoka.

Kijana akachukua kalamu, akaongeza mstari chini ya karatasi: "Msimbo unakufa haraka. Mwenye laini awepo."